"MTANDAO UNASUMBUA": JIBU LISILOMTOSHA MWANACHAMA

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mkolani, Mwanza)



Hapo zamani, mkulima wa pamba wa Usukuma alipofikisha mzigo wake kwa mnunuzi, jambo alilolichelea kuliko ukame lilikuwa mizani. Mwenye mizani ndiye aliyeisoma namba. Mkulima alipewa jibu tu, akaondoka nalo. Malalamiko hayo ya mizani yalikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya wakulima wa Kanda ya Ziwa waungane mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuweka watu wao wenyewe wa kuhakikisha vipimo. Mwaka 1955 vyama vyao vikaunda Shirikisho la Vyama Vikuu vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani. Ushirika wa huku ulizaliwa, kwa sehemu kubwa, kutokana na haki ya mtu kuiona namba yake.

Siku hizi mizani si ya chuma peke yake. Marejesho ya mikopo hulipwa kwa simu. Akiba huandikwa katika kompyuta. Taarifa za chama hupelekwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ambao wengi huuita MUVU. Chama kisicho na ofisi yenye umeme humtegemea katibu aifanye kazi hiyo nyumbani kwake, kwa mtandao wa nyumbani usio na waya, ule ambao vijana huuita waifai. Mtandao huo ukiyumba, hesabu za wanachama nazo huyumba. Na katibu aulizwapo, hujibu kwa maneno mawili: "Mtandao unasumbua."

Maneno hayo huenda yakawa ya kweli kabisa. Lakini yamefanana mno na yale ya mwenye mizani wa zamani, kwa kuwa anayeyasikia hana njia ya kuyapima. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba njia ya kuyapima ipo, kwamba ni rahisi, na kwamba haimhitaji mtaalamu bali daftari na uvumilivu.

YALIYOTOKEA MKOLANI

Mkolani, kama wengi wajuavyo, iko kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga, mtu akiisha kupita Nyegezi na kabla hajafika Buhongwa. Ni mahali pa vilima vya mawe, na ziko nyumba ambazo mgongo wake umeegemea jabali. Chukueni mfano wa chama kimoja cha akiba na mikopo cha mahali hapo. Chama hicho kilikuwa na kabati la chuma, mihuri, vitabu na kompyuta moja ya mkononi, lakini hakikuwa na chumba. Bodi ikaamua kwamba vitu vyote viwekwe nyumbani kwa katibu, katika chumba cha nyuma, na chama kilipie mtandao wa kila mwezi.

Kwa muda kazi ilikwenda vema. Kisha mama mmoja muuza matunda, mwanachama wa siku nyingi, akaja kuomba mkopo wa kumlipia mwanawe ada ya chuo cha ufundi. Ili mkopo upite ilibidi ionekane kwamba amekwisha maliza ule wa awali. Naye alikuwa amemaliza, na ujumbe wa malipo ulikuwa katika simu yake; lakini katika kompyuta ya chama marejesho yake mawili ya mwisho hayakuwamo. Katibu akamwambia, "Subiri kidogo, Mama. Mtandao unasumbua." Akaja mara ya pili, akaambiwa hivyo hivyo. Kamati ya mikopo ikakaa, jina lake halikuwamo, na kikao kingine kilikuwa baada ya mwezi mzima. Mara ya tatu mama huyo hakwenda kwa katibu. Alikwenda katika mkutano wa wanachama, akasimama, akasema:

"Ndugu zangu, marehemu baba yangu alikuwa mkulima wa pamba. Alitufundisha kwamba mwenye mizani akitaka kukuibia hakuambii kwamba anakuibia; anakuambia mizani imeharibika. Mimi sijui mtandao ni kitu gani. Najua kwamba fedha imetoka katika simu yangu na kwenu haionekani. Nani aniambie iko wapi?"

Watu wakanyamaza. Kisha wanachama watatu wakataka katibu asimamishwe pale pale. Katibu naye akasema kwa uchungu kwamba hajagusa hata senti moja ya mtu. Mwenyekiti, mzee aliyewahi kuwa karani wa ununuzi wa pamba, hakuegemea upande wowote. Alisema kwamba ugomvi wa mizani haukupata kumalizwa kwa kelele, bali kwa kuweka mpimaji wa pili. Akapendekeza mambo mawili: kwanza, taarifa ya akaunti ya chama ichukuliwe na kukaguliwa kesho yake, pili, mtandao wenyewe upimwe kwa siku 14, na daftari la vipimo lishikwe na yule mama mlalamikaji, wala si na katibu. Mkutano ukakubali.

Asubuhi iliyofuata taarifa ya akaunti ilionyesha kwamba fedha yote ilikuwamo. Haikuibwa, ilikuwa haijaandikwa tu. Swali likabaki moja: kwa nini haikuandikwa?

SAFARI MBILI, SI MOJA

Ndugu Makatibu, kosa la kwanza la wengi ni kuuona mtandao kama kitu kimoja. Mkaguzi anayetafuta kilo zilizopotea hasemi kwamba pamba imepungua, akaishia hapo. Huuliza: imepungua kati ya shamba na mizani, au kati ya mizani na ghala, au kati ya ghala na kiwanda? Huvipima vituo kimoja kimoja mpaka apate pale ambapo namba mbili hazilingani.

Mtandao wa nyumbani una safari mbili. Safari ya kwanza ni ya nje: habari hutoka katika mitambo ya kampuni, kwa mnara au kwa waya, hadi kwenye chombo kiitwacho ruta. Safari ya pili ni ya ndani: kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu au kompyuta, kwa mawimbi ya redio. Zile alama za mawimbi zionekanazo juu ya kioo cha simu iliyounganishwa na ruta ni habari ya safari ya pili tu. Kwa hiyo alama zaweza kujaa na mtandao usiwepo, kama vile bomba la nyumbani liwezavyo kuwa zima na maji yasitoke kwa sababu bomba kuu limepasuka barabarani.

Kipimo cha kuzitenga safari hizi ni waya. Kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya wa mtandao, kisha kazi ile ile ijaribiwe kwa waya na bila waya, papo kwa papo. Kwa waya ikienda vizuri na bila waya ikikwama, ugonjwa umo ndani ya nyumba. Ikikwama kwa njia zote mbili, ugonjwa uko nje, au umo katika ruta yenyewe. Ikiwa kompyuta haina tundu la waya, basi simu isogezwe hadi hatua mbili kutoka kwenye ruta. Kipimo hicho si kamili, lakini chatosha kuanzia.

DAFTARI LA SIKU 14

Mama yule alipewa daftari la shule lenye mistari, nalo likapigwa safu sita: tarehe na saa, chumba, waya au bila waya, kasi iliyopatikana, hali ya taa za ruta, na mengineyo, kama vile umeme, mvua na idadi ya simu zilizokuwa zikitumika. Vipimo vilichukuliwa mara tatu kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku. Kijana wa jirani alimwonyesha namna ya kupima kasi kwa kompyuta; kuandika aliandika mwenyewe.

Iliwekwa amri moja ngumu. Kwa siku saba za kwanza kisiguswe kitu chochote, na baada ya hapo kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Watu wengi hufanya kinyume cha hivi. Mtandao ukikwama huzima ruta, huihamisha, hununua kifurushi kipya na kubadili neno la siri, yote katika saa moja. Mtandao ukirudi hawajui kilichourudisha. Ukipotea tena kesho, huanza upya. Huyu ni sawa na karani ambaye jumla ikikataa hufuta tarakimu nne kwa pamoja ili zilingane.

Hapa yafaa kusema neno juu ya kuzima na kuwasha ruta. Ni jambo la halali kulifanya kwanza: chomoa umeme, subiri kama nusu dakika, kisha chomeka. Ruta ni kompyuta ndogo, nayo yaweza kuchanganyikiwa baada ya siku nyingi za kazi. Lakini kama inalazimu kuzimwa kila siku, kuzima huko si tiba. Wazee walikuwa wakiipiga redio kofi nayo ikalia. Ikafika siku kofi lisisaidie, kwa maana kilichokuwa kibovu hakikupata kutafutwa.

MAKOSA MATATU YALIYOVAA NGUO MOJA

Daftari liliposomwa mwishoni mwa juma la kwanza, lilionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Kile ambacho katibu alikiita "mtandao unasumbua" hakikuwa ugonjwa mmoja. Yalikuwa magonjwa matatu, kila moja na dalili yake na saa yake.

La kwanza lilionekana sebuleni, saa zote. Sebuleni ndiko katibu alikozoea kufanyia kazi, kwa kuwa chumba cha nyuma kilikuwa na joto chini ya bati. Hapo mawimbi yalikuwa dhaifu asubuhi, mchana na usiku; ilhali kwa waya, katika chumba cha nyuma, hali ilikuwa njema asubuhi na mchana. Basi ugonjwa huu ulikuwa wa ndani, na chanzo chake kilikuwa uangalifu. Katibu, kwa kuogopa wezi, alikuwa ameifungia ruta ndani ya kabati la chuma pamoja na vitabu vya chama! Antena ya kampuni ilikuwa juu ya ukuta wa nje, na waya wake uliingia kabatini kwa tundu la nyuma. Mawimbi ya redio hayapenyi bamba la chuma. Yaliyotoka yalipita katika mianya ya mlango, yakakutana na ukuta mnene wa mawe, yakafika sebuleni yakiwa hoi.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, nayo huandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo nguvu inavyozidi, na kila tofauti ya 3 ni kama kuongeza nguvu maradufu au kuipunguza nusu. Namba ya -50 ni njema sana. -67 yatosha kwa kazi nyingi. Ikifika -80 mtu asitumaini. Sebuleni kwa katibu ilisomeka -84. Siku ya nane ruta ilitolewa kabatini, ikawekwa katika kisanduku cha mbao chenye matundu, kikapigiliwa misumari juu ya mlango wa ukumbini. Sebuleni ikasomeka -58. Tofauti hiyo ya 26 ni nguvu iliyozidi karibu mara 400, na gharama yake ilikuwa vipande vya mbao na misumari.

La pili lilitokea kwa ghafula, hasa jioni: taa zote za ruta zilizimika kwa pamoja, zikawaka tena moja moja, na kwa dakika mbili tatu hapakuwa na kitu, kwa waya wala bila waya. Taa zikizimika zote, shutuma ya kwanza iende kwenye umeme. Ilibainika kwamba adapta ya asili iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika, na katibu akachomeka ile ya king'amuzi cha zamani kwa sababu pini zililingana. Pini kulingana hakutoshi. Ruta iliandikwa volti 12 na ampea 1. Adapta ile ilikuwa ya volti 12 na nusu ampea tu. Simu zikiwa chache ruta ilijikongoja. Watu wakirudi nyumbani jioni na simu zao, kazi ilizidi, ruta ikaanguka na kuinuka. Siku ya kumi ilinunuliwa adapta ya namba zilizo sawa na zile zilizoandikwa chini ya ruta. Kuzimika kukakoma.

La tatu halikukoma. Kuanzia kama saa moja hadi saa nne usiku kasi ilishuka, kwa waya na bila waya, sebuleni na chumbani, hata baada ya tiba zote mbili. Saa 12 asubuhi ilikuwa imerudi. Huu ulikuwa ugonjwa wa nje. Mnara mmoja huhudumia nyumba nyingi, na uwezo wake hugawanywa kwa wote walio hewani wakati huo. Usiku, kila mtu akiwa nyumbani na simu mkononi, mgawo wa kila mmoja hupungua. Hakuna namna ya kuihamisha ruta itakayoiponya hali hiyo. Ila saa ya kazi yaweza kuhamishwa.

Nalo daftari lilionyesha jambo la nne, ambalo halikuwa la mtandao. Kwa waya, saa 12 asubuhi, siku zote 14 mtandao ulikuwa mzima. Mama alilisoma hilo mbele ya mkutano bila kuongeza neno. Ndipo mjumbe mmoja akaomba kumbukumbu za kompyuta zitazamwe, nazo zikaonyesha kwamba mwezi uliotangulia katibu hakuifungua asubuhi hata mara moja. Katibu alisimama. Alikiri kwamba mwanzoni mtandao ulimzuia kweli. Lakini baadaye alizoea kulisema neno lile, akaacha kujaribu. Mkutano haukumfukuza. Alipewa onyo la maandishi, na kwa kuwa daftari lilikuwa limemwondolea shutuma ya wizi, alilipokea bila ubishi. Mtandao ulikuwa umebebeshwa mzigo wake pamoja na mzigo usio wake, na hilo lisingejulikana pasipo vipimo.

MENGINE YA KUANGALIWA NYUMBANI

Si kila nyumba ina kabati la chuma, lakini kila nyumba ina vizuizi vyake. Makatibu na wayaangalie haya.

Mahali pa ruta. Iwe juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba, mbali na chuma, vioo vikubwa na matangi ya maji, kwani chuma na kioo cha kujitazamia huyarudisha mawimbi, na maji huyanyonya. Nyumba ya mawe au ya tofali za saruji hupunguza mawimbi kila ukuta. Ikiwa ruta ni ya laini ya simu, yenye antena yake ndani, basi ina haja mbili zinazopingana: yataka dirisha linaloelekea mnara, nayo kompyuta yaitaka katikati ya nyumba. Katika mitaa yenye vilima kama Mkolani, jabali likisimama kati ya nyumba na mnara, dirisha lishinde. Kompyuta ya chama na ifikishiwe waya mrefu.

Masafa. Ruta nyingi za sasa hutangaza kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya kwanza hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ina msongamano. Ya pili ina kasi zaidi, lakini huchoka upesi kwenye kuta. Aliye chumba kimoja na ruta atumie 5. Aliye nyuma ya kuta mbili atumie 2.4. Jiko la maikrowevu hufanya kazi karibu na masafa ya 2.4, hivyo mtandao ukikatika kila chakula kinapopashwa moto, mwizi amekwisha jitaja.

Chaneli. Masafa ya 2.4 yamegawanywa katika chaneli zinazoingiliana. Zile za 1, 6 na 11 ndizo ambazo hutumika pamoja bila kugongana. Nyumba zilizobanana zikitumia chaneli moja, ruta zao hungojana zamu kama watu wengi katika kisima kimoja. Kijana anayeifahamu simu vizuri aweza kuona ni chaneli ipi yenye watu wachache na kuichagua katika ruta.

Joto. Ruta iliyo chini ya bati wakati wa jua kali, au juu ya jokofu, au iliyofunikwa kitambaa cha urembo, huchemka na kupunguza kazi au kusimama. Aghalabu hutengenezwa kwa kufanya kazi katika joto lisilozidi nyuzi 40. Ikiguswa na kuunguza mkono, ihamishwe.

Watumiaji. Neno la siri linalojulikana na mtaa mzima si la siri tena. Kifurushi kinachokwisha kabla ya mwezi huenda hakikuibwa na kampuni bali na filamu za jirani. Tena, ruta huigawia kila simu anwani yake, na anwani hizo zina idadi. Zikiisha, anayekuja nyuma huambiwa kwamba ameunganishwa lakini hapati kitu. Neno la siri libadilishwe, na wageni wafunguliwe mtandao wao wa pembeni ikiwa ruta inaruhusu. Lile neno la siri la kuingilia ndani ya ruta yenyewe, lililokuja nalo kutoka kiwandani, nalo libadilishwe siku ya kwanza. Habari za akiba za wanachama ni amana, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 amana hiyo inalindwa kwa sheria.

Na onyo moja. Nyuma ya ruta nyingi kuna kitundu kidogo cha kubonyezwa kwa sindano. Hicho si cha kuzima na kuwasha. Hufuta mipangilio yote na kuirudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Asikiguse asiye na karatasi ya mipangilio mkononi.

MAKOSA YA MBALI

Yako makosa yasiyo ya nyumbani wala ya mnara. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika pwani ya kusini mashariki mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku ile walikuwako watu waliofungua ruta zao kwa bisibisi! Kabla ya kugusa chochote, katibu na aulize kwanza: jirani mwenye kampuni hiyo hiyo anapata? Mwenye kampuni nyingine anapata? Maswali hayo mawili huokoa ruta nyingi.

Kosa likiwa la kampuni, lipelekwe kwa kampuni kwa maandishi, likiwa na tarehe, saa na vipimo vya waya. Anayesema "mtandao mbovu" hujibiwa "zima uwashe." Anayeonyesha kurasa za vipimo vya siku 14 humlazimu anayemsikiliza ajibu kwa vipimo pia. Asiporidhika na majibu, aweza kulifikisha lalamiko lake kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Wala isidhaniwe kwamba mawasiliano yasiyo na waya ni jambo la kutatanisha tangu asili. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kuunganisha kompyuta za visiwa vyake kwa redio, mahali ambapo waya ulikuwa wa shida, mfano wa Ukerewe na Ukara. Tatizo walilolishughulikia lilikuwa hili hili la nyumba za Mkolani: wawili wakisema kwa wakati mmoja katika masafa mamoja, hakuna anayesikika. Walilitatua kwa kanuni, kwamba ujumbe usiojibiwa usubiri kidogo kisha urudiwe. Kanuni hiyo yamfaa katibu pia. Jambo lisilopokelewa leo halijafutwa. Lasubiri kurudiwa, mradi liwe limeandikwa mahali.

KANUNI ZA KAZI

Kutokana na hayo, chama kile kilijiwekea kanuni tano, nazo zafaa kuigwa.

1. Stakabadhi ya mkono itolewe saa ile ile fedha inapopokelewa au ujumbe wa malipo unapoonyeshwa. Stakabadhi haingoji mtandao.

2. Kila malipo yaandikwe katika daftari la siku kabla hayajaandikwa katika kompyuta, na daftari hilo liwe wazi kwa mwanachama kuliona.

3. Kazi ya kuingiza hesabu ifanywe alfajiri, kwa waya. Isiyokamilika kwa siku mbili itolewe taarifa kwa mwenyekiti.

4. Daftari la mtandao litunzwe karibu na ruta. Asemaye kwamba mtandao unasumbua aonyeshe mstari wa siku hiyo.

5. Iwepo laini ya kampuni nyingine kwa dharura, na adapta moja ya akiba yenye namba zilizo sawa.

HITIMISHO

Mama yule alipata mkopo wake katika kikao kilichofuata. Mwanawe alifika chuoni wenzake wakiwa wamekwisha anza masomo, akalazimika kunakili ya nyuma kutoka kwa wengine. Huo ndio uliokuwa uzito wa yale maneno mawili, na haukubebwa na katibu wala na kampuni, bali na kijana ambaye hakuwa hata mwanachama.

Katika uchaguzi uliofuata mama huyo alichaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi. Daftari lake la siku 14 limehifadhiwa katika kabati la chuma, pale pale ilipokuwa ruta, na hapo ndipo mahali pake. Chuma kinafaa kulinda maandishi. Mawimbi yanataka uwazi, na hesabu za wanachama vile vile.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu atakayeulizwa kesho na mwanachama wake, asijibu tena kwa maneno mawili. Afungue ukurasa, aweke kidole kwenye mstari, amwachie mwanachama asome mwenyewe.

Ushirika udumu.